Kichwa cha Andiko Ndicho Ahadi ya Kwanza

Miaka ya kusoma na kusahihisha maandiko ya miradi kutoka Nakivale na Mbarara imenifundisha kuanza kusoma pale ambapo waandishi wengi humalizia kwa haraka, yaani kwenye kichwa. Bajeti huwa imekokotolewa na kurudiwa, barua ya kiongozi wa RWC, yaani baraza la ustawi wa wakimbizi, imepatikana, cheti cha usajili kimetolewa nakala na kupigwa mhuri. Kisha, saa chache kabla muda wa maombi haujafungwa, kisanduku cha kwanza cha fomu hujazwa kwa maneno yaliyookotwa kwenye tangazo la mfadhili. Nimelikuta jambo hilo mara nyingi kiasi kwamba siwezi tena kuliita uzembe wa mtu mmoja. Ni desturi, nayo ina sababu zake. Lakini naamini inatugharimu, na hoja ninayotaka kuitetea ni hii: kichwa cha andiko ni ahadi ya kwanza ambayo kikundi kinaitoa hadharani, na ahadi hiyo lazima ieleweke kwa namna moja na watu wawili ambao hawatakutana kamwe. Mmoja ni afisa anayepitia maombi Kampala au Geneva. Mwingine ni mama aliyepanga madumu yake kwenye bomba la maji Base Camp. Kichwa kinachoeleweka na mmoja tu kati yao kina kasoro, hata kama kimeleta fedha.

Kwa nini mstari mmoja ubebe mzigo mkubwa hivyo? Kwa sababu ndio sehemu pekee ya andiko inayosafiri peke yake. Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yalipokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959, na leo, katika kanda kama Base Camp, Juru na Rubondo, wanaishi Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengineo, zaidi ya watu 150,000. Andiko likitoka huko hupita mikono mingi. Kamanda wa makazi, aliye chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, anataka kujua ni mradi gani unaoombewa ruhusa. Dawati la wakimbizi la ofisi hiyo mjini Mbarara linataka kujua hilohilo. Wilaya ya Isingiro, yaliko makazi hayo, inataka kuona jina kabla ya kutia saini hati ya makubaliano, benki inaliandika kwenye faili la akaunti, na mkaguzi wa hesabu analitafuta kwenye kila stakabadhi. Wangapi kati ya hao watasoma kurasa zote? Wengi wataona mstari mmoja tu, kwenye orodha, kwenye barua, au kwenye kibao kilichosimikwa kando ya barabara ya vumbi. Kurasa za ndani zina nafasi ya kufafanua na kusahihisha. Kichwa kikikosea, hakuna aya iliyo karibu ya kukiokoa.

Hali hiyo si ya Nakivale pekee. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, ambazo zimefadhili tafiti nyingi zinazofanyika Mbarara, humruhusu mwombaji herufi 200 tu za kichwa, nafasi zikihesabiwa, na maafisa wao hutumia kichwa na muhtasari kuamua ni jopo gani la wataalamu litakalosoma ombi. Kichwa kilichopotoka huweza kulipeleka ombi zuri kwa watu wasiolijua somo lake. Tena nchini humohumo, kati ya mwaka 1975 na 1988, Seneta William Proxmire alikuwa akitangaza kila mwezi tuzo ya dhihaka kwa matumizi ya serikali aliyoyaona ya kipuuzi, na tafiti kadhaa zilijikuta zikihukumiwa mbele ya umma kwa jinsi vichwa vyake vilivyosikika. Baadhi ya tafiti hizo zilikuwa na thamani ambayo mtu angeiona kama angefungua ukurasa wa pili. Umma haukufungua, na haukuwa na wajibu wa kufungua.

Ushahidi kwamba mstari mmoja unaweza kubeba mzigo huo uko karibu nasi, Mbarara, mji ambao umejijengea jina katika utafiti wa tiba tangu Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilipoanzishwa hapo mwaka 1989. Mwaka 2005 ulianza mjini humo utafiti uliowafuatilia watu wenye virusi vya UKIMWI walioanza kutumia dawa za kupunguza makali katika hospitali ya rufaa. Ulijulikana kwa kifupi UARTO, na jina lake kamili, tukiliweka kwa Kiswahili, linasema: matokeo ya matibabu ya UKIMWI vijijini Uganda. Halina sifa hata moja. Halimwezeshi mtu, halibadilishi maisha ya yeyote, halitaji ubunifu. Lakini miaka ile watu wengi wenye sauti walikuwa wakitilia shaka kama mgonjwa maskini wa kijijini Afrika angeweza kumeza dawa bila kukosa mwaka hadi mwaka, na jina hilo linakwenda moja kwa moja kwenye shaka hiyo. Neno “vijijini” linasema ni nani anayetiliwa shaka. Neno “matokeo” linasema kwamba jibu litapimwa, na kwamba linaweza kuwa baya.

Mfano wa pili una nguvu zaidi. Kituo cha utafiti cha Epicentre kilichopo Mbarara kilikuwa mojawapo ya vituo, katika nchi 9 za Afrika, vilivyoshiriki jaribio la AQUAMAT, ambalo matokeo yake yalichapishwa na jarida la Lancet mwaka 2010. Kichwa chake kilitaja dawa mbili zilizoshindanishwa, ugonjwa, wagonjwa na bara: artesuneti na kwinini katika kutibu malaria kali kwa watoto wa Afrika. Mzazi wa Isingiro asiye na elimu ya udaktari anaweza kuambiwa kichwa hicho kwa lugha yake, naye papo hapo akauliza swali sahihi: ipi imeshinda? Katika watoto 5,425, vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 22.5 miongoni mwa waliopewa artesuneti, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza dawa hiyo badala ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali. Sisemi kwamba kichwa ndicho kilichookoa watoto. Nasema kwamba watu waliokubaliana kuandika kichwa kile walikuwa wamekwisha kukubaliana nini kitahesabika kuwa ushindi na nini kitahesabika kuwa kushindwa. Makubaliano hayo ndiyo ninayoyakosa katika maandiko mengi ninayoyasoma.

Nitajibiwa kwamba hizo ni tafiti za madaktari wenye maabara na fedha nyingi, na kwamba kikundi cha mafundi cherehani wa Juru hakiwezi kupimwa kwa kipimo hicho. Tofauti ya fedha ni kubwa, nakubali. Lakini swali ambalo kichwa kizuri hulizaa haligharimu chochote. Fundi anayeandika kwamba vijana 40 watajifunza kushona sare za shule na kuziuza kwa shule za makazi na za vijiji jirani ametoa ahadi ambayo mtu yeyote anaweza kuifuatilia: je, walijifunza, je, shule zilinunua? Anayeandika kwamba atawawezesha vijana kwa ajili ya maisha endelevu hajampa mtu yeyote swali la kuuliza, hata yeye mwenyewe. Mwisho wa mwaka atakuwa na picha, orodha za mahudhurio na ripoti, na bado hatajua kama alifanikiwa, kwa sababu hakuwahi kusema kufanikiwa kungekuwaje.

Maneno ya namna hiyo yanatoka wapi? Sipendi kuwalaumu wanaoyatumia, maana wameyajifunza kwa njia ngumu. Mwaka 2016 serikali na mashirika makubwa ya misaada yalikubaliana, katika makubaliano yaliyoitwa Grand Bargain, kwamba ifikapo mwaka 2020 robo ya fedha za misaada ya dharura ifike kwa mashirika ya kitaifa na ya wenyeji kwa njia ya moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Lengo hilo halikufikiwa. Kate Pincock, Alexander Betts na Evan Easton-Calabria, katika kitabu chao cha mwaka 2020 kuhusu mashirika yanayoanzishwa na wakimbizi wenyewe, walichunguza Uganda na Kenya, Nakivale ikiwamo, wakaonyesha jinsi vikundi vinavyofanya kazi kubwa ya kusaidia watu vinavyobaki nje ya mlango wa fedha na wa kutambuliwa. Mtu aliyekaa nje ya mlango kwa muda mrefu hujifunza lugha ya walio ndani. Husikia maneno ya mwaka huu kwenye warsha Mbarara, huyabeba hadi Nakivale, huyaweka kwenye kisanduku cha kwanza ili aonekane ni mtu wa ndani. Hilo ni jambo la busara kwa mtu mmoja. Likifanywa na vikundi mia, linaviangamiza vyote kwa pamoja, kwa kuwa afisa anayepitia orodha anaona kichwa kilekile kikijirudia na majina tofauti ya vikundi, na hana pa kushika. Hapo ndipo anaporudi kwenye vigezo anavyoweza kuviona kwa haraka: ukubwa wa shirika, ukaguzi wa hesabu, nani amewahi kufadhiliwa. Hivyo vyote ni vigezo ambavyo kikundi kidogo hushindwa. Kichwa cha kuazima hukipeleka kikundi kwenye uwanja ambao hakiwezi kushinda.

Kuna hatari nyingine ambayo zamani ningeitaja kama dhana tu, lakini mwaka 2025 umeifanya kuwa tukio. Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari na kufunga shirika lake la USAID, na ndani ya nchi hiyo Taasisi ya Taifa ya Sayansi ilipekua ruzuku zake kwa orodha ya maneno. Maneno kama utofauti na usawa, ambayo miaka michache kabla waombaji walihimizwa kuonyesha kwamba wameyazingatia, yakawa alama ya kusaka ruzuku za kufuta. Waliokuwa na imani ya kweli katika mambo hayo waliumizwa bila haki, na sitaki mtu afikiri ninawashauri watu wafiche wanachokiamini. Ninachosema ni kwamba neno lililowekwa juu kwa ajili tu ya kumpendeza mwenye fedha halimlindi aliyeliweka upepo unapogeuka. Jina la kazi yenyewe, mahali pake na watu wake, halipitwi na wakati kwa urahisi huo.

Pingamizi zito zaidi dhidi yangu linatoka kwenye utafiti. Mwaka 2019 David Markowitz alichapisha uchambuzi wa muhtasari 19,569 wa ruzuku zilizotolewa na hiyohiyo Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Aligundua kwamba muhtasari mrefu zaidi, wenye maneno machache ya kawaida na wenye lugha ya uhakika zaidi, ulihusiana na kiasi kikubwa zaidi cha fedha, kinyume cha wito wa taasisi yenyewe wa kuandika kwa lugha nyepesi. Mtu anaweza kuusoma ushahidi huo akaniambia: wewe unatuhubiria wepesi, na wenye fedha wanalipa ugumu. Ni hoja ya kweli na inastahili jibu la kweli. Kwanza, ruzuku zote alizochambua zilikuwa zimekwisha kupata fedha. Uchambuzi wake unaeleza nani alipata zaidi kati ya walioingia, hauelezi nani aliingia na nani aliachwa nje. Pili, ulihusu muhtasari, mahali ambapo maelezo marefu yana kazi yake. Miradi mikubwa ina mambo mengi ya kueleza na hugharimu zaidi, kwa hiyo urefu na fedha huweza kwenda pamoja bila mmoja kumzaa mwenzake. Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, kipimo chake ni fedha, na mimi sijasema kwamba kichwa kizuri ni kile kinacholeta fedha nyingi.

Kwa uaminifu huohuo, siwezi kuuegemea kupita kiasi ushahidi ulio upande wangu. Adrian Letchford na wenzake walichunguza makala za kisayansi 140,000 na kutangaza mwaka 2015 kwamba zenye vichwa vifupi hutajwa zaidi na makala nyingine. Matokeo hayo hunukuliwa sana na wakufunzi wa kuandika. Lakini uhusiano huo ulififia majarida yalipolinganishwa ndani yake yenyewe, na kwa vyovyote makala si ombi la fedha. Ufupi unasaidia pale unapolazimisha kuchagua. Kichwa cha maneno matano yasiyosema kitu ni kifupi, na ni kibaya.

Kwa hiyo kichwa kiseme nini? Nianze na watu, maana hapo Nakivale ina jambo lake. Sera ya Uganda inataka takriban asilimia 30 ya msaada unaoletwa kwa ajili ya wakimbizi iwafikie wananchi wa maeneo yanayowapokea. Isingiro ni wilaya ya matoke na ng'ombe, na migogoro ya ardhi kati ya wenyeji na makazi si habari mpya. Kichwa kinachotaja wakimbizi peke yao, wakati bajeti ina watu wa vijiji jirani, kinadanganya pande mbili: kinamfanya mwenyeji anayepita kando ya kibao aamini kwamba ameachwa, na kinamfanya mkimbizi ashangae mwenyeji anapoitwa kwenye orodha. Benki ya Dunia ililiona hilo ilipoanzisha mwaka 2016 mradi mkubwa uliofika Isingiro kwa kifupisho cha DRDIP. Jina lake linataja athari za watu kuhamishwa, wala halitaji wakimbizi, na jina hilo likaweka nafasi ya madarasa, barabara na maji kwa wenyeji bila mtu kuhitaji kueleza kwa nini. Kama jina la kusemwa mdomoni, ni zito; ni wachache vijijini wanaoweza kusema herufi hizo zinawakilisha nini. Kama mgawanyo wa ahadi, lilifikiriwa vizuri. Ningependa kikundi kidogo kijifunze hilo la pili bila kuiga la kwanza. Vifupisho vinavyobanwa hadi vitoe neno tamu la Kiingereza vimekuwa ugonjwa, na sioni faida yake kwa mtu yeyote wa Rubondo.

Mahali ni jambo la haraka zaidi. “Nakivale” peke yake ni pana mno kwa mradi wa kaya 60. Taja kanda, au kijiji kama hakuna hatari. Wapo wanaoogopa kwamba kutaja sehemu ndogo kunaufanya mradi uonekane mdogo na kuwanyima nafasi ya kupanuka. Mradi ni mdogo. Mfadhili wa ruzuku ndogo anajua hivyo, na anayesoma kichwa kinacholingana na bajeti huiamini bajeti.

Sehemu ngumu ni kutaja badiliko badala ya shughuli, na hapa uzito wa ahadi huonekana waziwazi. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa uhaba wa fedha, liliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kulingana na mahitaji yao. Mgao wa baadhi ukapunguzwa sana, na wengine wakaondolewa kabisa. Fikiria sasa kikundi kinachotaka kufundisha kaya 60 kulima bustani za mboga kwenye vipande vidogo vya ardhi, na kinaandika juu ya andiko: Usalama wa Chakula Nakivale. Mfadhili anaelewa maana yake, kwa kuwa amezoea ukubwa wa maneno hayo. Mama aliyeondolewa kwenye orodha ya mgao anaelewa kwamba chakula kinakuja. Hakuna aliyesema uongo kwa kukusudia, lakini mtu mwenye njaa ameahidiwa kitu ambacho hakipo kwenye bajeti. Sukumawiki na dodo zilizo kwenye bustani ya nyuma ya nyumba ni jambo jema na la kujivunia. Zitajwe. “Mboga za mwaka mzima kwa kaya 60 za Juru” ni kichwa ambacho mama yule anaweza kukishikilia mbele ya viongozi wa kikundi, akiuliza katika miezi ya kiangazi: mbona hakuna mboga? Kiongozi anayeogopa swali hilo ana sababu ya kurekebisha mpango wake wa maji kabla ya kutuma ombi, na kichwa kitakuwa kimefanya kazi yake hata kabla mfadhili hajakiona.

Wapo watakaosema kwamba matangazo ya wafadhili yana vigezo, na vigezo vina maneno, na asiyeyatumia anapoteza alama. Ni kweli, na sishauri mtu apoteze alama. Alama hutolewa kwenye majibu ya ndani: swali la usawa wa kijinsia lina kisanduku chake, la mazingira lina chake, la uendelevu lina chake. Huko ndiko maneno ya tangazo yanakopaswa kujibiwa moja baada ya jingine, kwa ukamilifu. Tangazo likitaka jambo mahususi, neno moja la tangazo hilo laweza kupanda hadi kwenye kichwa, mradi liwe linaeleza kazi iliyomo. Tuchukue kikundi kinachotengeneza mkaa mbadala kwa mabua na maganda ya mazao. Kichwa chake kinaweza kuwa: “Mkaa mbadala kwa kaya za Base Camp na majirani zao, kupunguza ukataji wa miti kuzunguka Ziwa Nakivale.” Neno “mazingira” halimo, lakini afisa anayetafuta mradi wa mazingira ameuona, hasa akijua kwamba ardhioevu ya Ziwa Mburo na Nakivale iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Jambo hilo la Ramsar litaandikwa kwenye ukurasa wa pili. Na mwenye jiko la mafiga Base Camp ameuona mradi huohuo, kwa macho yake mwenyewe.

Nimesisitiza uwazi kiasi kwamba ni lazima nieleze mahali ambapo uwazi unaumiza. Kichwa huishia kwenye kibao, kwenye fulana, kwenye daftari la mahudhurio, kwenye ujumbe wa simu unaomwita mtu kikaoni. Mwanamke aliyebakwa njiani kutoka Kivu hapaswi kuingia kwenye nyumba ambayo mlangoni pameandikwa kwamba ni ya waliobakwa. Mtu anayetafutwa na jamaa zake au na watu wa nchi aliyoikimbia hapaswi kuwa kwenye kundi dogo lililotajwa pamoja na kijiji chake. Hapa kanuni yangu ya kutaja watu na mahali inakoma, na ya kulinda watu inatangulia. Wafadhili wengi huelewa wakielezwa: kichwa kinataja huduma, kwa mfano ushauri nasaha na mafunzo ya kazi kwa wanawake wa ukanda fulani, na maelezo ya nani hasa anayelengwa yanabaki kwenye kurasa zisizobandikwa ukutani.

Lakini kuficha nako kuna mpinzani mwenye historia kubwa nchini Uganda. Mwaka 1987, wakati UKIMWI ulikuwa ugonjwa wa kunong'onezwa, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia watu wenye UKIMWI, na wakaliweka neno UKIMWI ndani ya jina la shirika lao, bila kulizungushia kitambaa. Shirika hilo lilienea hadi Mbarara, na wengi wanaamini, nami nikiwamo, kwamba ujasiri wa jina lile ulisaidia kuvunja ukimya wa nchi nzima. Basi kwa nini nisiwaambie waathirika wa Nakivale wafanye vivyo hivyo? Kwa sababu waanzilishi wa TASO walikuwa watu ambao ugonjwa ule uliwagusa wenyewe, katika miili yao au katika nyumba zao. Jina lilikuwa lao kulitangaza. Andiko linaloandikwa na msomi wa Mbarara kwa niaba ya wanawake ambao hajawauliza halina haki hiyo. Wakikaa wenyewe wakaamua kwamba wanataka kujulikana kwa yale waliyoyapitia, mwandishi aandike walichoamua, na asikilainishe kwa ajili ya mfadhili mwoga. Wasipoamua hivyo, jina libaki la huduma. Kati ya maamuzi yote ya kichwa, hili ndilo ambalo mwandishi wa andiko hana mamlaka ya kulifanya peke yake mbele ya kompyuta.

Hilo linanipeleka kwenye swali la nani akubali kichwa. Katika vikundi vingi hukubaliwa na anayejua Kiingereza vizuri zaidi, kwa kuwa ndiye anayejaza fomu. Napendekeza kisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za kikundi, mbele ya watu wanaotajwa ndani yake na mbele ya angalau mwenyeji mmoja, kisha waulizwe wanatarajia kupata nini. Majibu yao yalinganishwe na bajeti mstari kwa mstari. Kama wanatarajia kitu ambacho hakimo, kimoja kati ya viwili kibadilike, bajeti au kichwa. Nimeambiwa kwamba hakuna muda, kwamba matangazo hutolewa leo na kufungwa baada ya wiki mbili. Kazi hiyo ni ya alasiri moja. Vikundi vinavyopata muda wa kutafuta mihuri ya ofisi kadhaa vina muda wa kuwasikiliza wanachama wao.

Na kazi haiishi ombi likikubaliwa. Mara nyingi mfadhili hukubali kwa nusu: kaya 60 zinakuwa 30, miezi 12 inakuwa 8, fungu la maji linafutwa. Bajeti husahihishwa usiku huohuo, jedwali la shughuli hupunguzwa, na kichwa huachwa kama kilivyokuwa, kwa kuwa kimekwisha kuingia kwenye mkataba na hakuna anayetaka kumsumbua afisa. Hapo ahadi ya kweli hugeuka kuwa ahadi ya uongo bila mtu kuandika neno jipya. Barua ya kurekebisha kichwa kabla ya kutia saini ni ya mistari michache, na kwa kawaida maafisa huikubali kwa sababu nao watakaguliwa kwa kichwa hichohicho. Kama fungu la maji limefutwa, maneno “ya mwaka mzima” yafutwe pia, na kaya 30 za Juru ziambiwe mapema kwamba mboga zitakuwapo msimu wa mvua tu.